Arita au Kutani? Kuchagua kauri ya Kijapani ya leo

Mdogo wangu anasoma Osaka. Amejinyima miezi mingi akaweka akiba ya kununua chombo kimoja cha kauri, kizuri, cha kukaa nacho mpaka uzeeni. Kinachomtatiza ni kalenda. Mji wa Arita, mkoani Saga katika kisiwa cha Kyushu, hufanya soko lake kubwa la kauri kila mwaka kuanzia Aprili 29 hadi Mei 5. Ndani ya siku hizo hizo, kwa kawaida Mei 3 hadi 5, mji wa Nomi mkoani Ishikawa, upande wa Bahari ya Japani, nao hufanya soko la kauri za Kutani. Osaka iko katikati. Safari moja inaelekea magharibi, nyingine kaskazini, na nauli aliyonayo ni ya safari moja tu.

"Dada, niende wapi?" Jibu nililompa kwenye simu halikumtosha, wala mimi halikunitosha. Hili hapa ndilo refu, kwa ajili yake na kwa yeyote anayetaka kununua, kukusanya au hata kwenda tu kutazama, na hajui aanzie wapi.

Geuza sahani kabla ya kuitazama uso

Ninaposema kauri simaanishi kila chombo cha udongo kilichochomwa. Nasema ile nyeupe, ngumu, isiyonyonya maji, ambayo ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele, na ikifinyangwa nyembamba ukaiinua mbele ya taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Huko Japani haitokani na udongo wa mtoni. Inatokana na jiwe linalosagwa likawa unga, likachujwa kwa maji, likakandwa na kufinyangwa, kisha likachomwa katika joko lenye joto la karibu nyuzi 1,300.

Sasa geuza chombo. Ukingo wa kitako, pale kinapokalia meza, haupakwi utando wa kioo, kwa hiyo ndipo mahali pekee unapoona mwili wa kauri ukiwa hauna nguo. Kitako cha Arita aghalabu ni cheupe na laini. Cha Kutani, hasa kilichofinyangwa kwa jiwe la Hanasaka linalochimbwa Komatsu, mji jirani na Nomi, kina ukijivu wenye samawati kwa mbali, kama wingu la asubuhi ya masika. Mtu asiyeambiwa hataiona tofauti hiyo. Lakini ndiyo iliyozaa nyingine nyingi: fundi mwenye jiwe jeupe huona hasara kulifunika, na fundi mwenye jiwe la kijivu hujifunza kulivika. Wasanii walio hai wa sehemu hizi mbili bado wanajibizana na jiwe lile lile, hata wanapotengeneza vitu ambavyo babu zao wasingevitambua.

Kwa hiyo badala ya kumjibu mdogo wangu, nilimrudishia swali: unataka weupe kiasi gani?

Arita, kwenye weupe unaoachwa

Simulizi inayoshikwa Arita ni kwamba mwaka 1616 mfinyanzi wa Kikorea, Yi Sam-pyeong, aligundua jiwe la kauri katika mlima wa Izumiyama. Yeye na wafinyanzi wengine wengi waliletwa Japani na majeshi yaliyovamia Korea kati ya 1592 na 1598. Kabla yao Japani ilikuwa na ufinyanzi wa karne nyingi, ila kauri ilikuwa bidhaa ya kununua ng'ambo. Nalitaja hili kwa sababu katika maduka mengi hupitwa haraka, na mtu anayeshika kikombe cha Arita ameshika pia jasho la watu waliong'olewa kwao. Wenyeji hawakumsahau: Yi anaheshimiwa katika hekalu la Tozan, ambalo lango lake limetengenezwa kwa kauri.

Majina matatu yatakuonyesha Arita ya leo ilivyo.

La kwanza ni Kakiemon. Katika miaka ya 1640 Sakaida Kakiemon anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha hapo uchoraji wa rangi juu ya utando wa kioo, yaani chombo kikishachomwa kikang'aa, kinachorwa na kurudishwa jokoni kwa moto mdogo zaidi. Ukoo wake ukatoa mwili mweupe uitwao nigoshide. Neno nigoshi, katika lahaja ya Saga, ni yale maji yanayobaki baada ya kuosha mchele. Aliyewahi kuosha mchele anaujua weupe huo. Si weupe wa karatasi, una joto, kama maziwa yaliyopunguzwa maji. Juu yake huchorwa pengine kware wawili na mabua ya mtama upande mmoja, na sehemu kubwa ya sahani huachwa wazi. Viwanda vya Ulaya, Meissen kikiwamo, vilijitahidi kuiga mtindo huo katika karne ya 18. Na katika karne hiyo hiyo, Arita kwenyewe, ufundi wa kutengeneza nigoshide ulipotea. Kakiemon wa 12 (jina hurithiwa ndani ya ukoo) na mwanawe, aliyekuja kuwa wa 13, waliurudisha mwaka 1953 baada ya majaribio mengi. Wa 14, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa kuchora maua ya porini kutoka kwenye maua yenyewe, na sasa yuko wa 15.

La pili ni Inoue Manji, aliyezaliwa 1929. Yeye hakutegemea michoro. Kazi zake zilizompa heshima ni vyombo vyeupe vitupu vilivyotoka kwenye gurudumu, ambamo umbo ndilo nakshi. Mwaka 1995 Serikali ilimtangaza kuwa miongoni mwa wale watu huwaita Hazina Hai za Taifa, cheo kilichoanza kutolewa mwaka 1955 kwa mafundi wanaobeba ujuzi ambao nchi haitaki ufe nao. Wenye cheo hicho hupewa ruzuku ya yeni milioni 2 kwa mwaka, ili ujuzi wao uendelezwe na kurithishwa. Ukitaka kujua kama kweli unapenda kauri au unapenda michoro, simama mbele ya mtungi wa Inoue kwa dakika tano.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Ukoo wa Imaizumi Imaemon ulikuwa wa wachoraji walioitumikia nyumba ya Nabeshima, watawala wa eneo hilo. Joko la watawala hao, lililokuwa Okawachiyama, bondeni kati ya milima, lilitengeneza vyombo visivyouzwa: vilikuwa zawadi kwa shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, na wakubwa wengine. Majimbo ya kitawala yalipofutwa mwaka 1871, mwajiri huyo akatoweka, na ukoo ukalazimika kujenga joko lake na kufanya kazi nzima kuanzia kufinyanga hadi rangi. Imaemon wa 14, aliyezaliwa 1962 na kuwa Hazina Hai mwaka 2014, amechukua mbinu ya zamani ya Nabeshima iitwayo sumihajiki na kuifanya lugha yake.

Mbinu yenyewe ni hii. Unachora kwa wino wa kawaida wa kuandikia. Wino huo una gundi ndani yake, na gundi inakataa rangi. Kisha unapaka buluu ya kobalti juu ya kila kitu. Chombo kikiingia jokoni, wino unaungua na kupotea, na pale ulipopita panabaki mstari mweupe. Hakuna aliyeupaka weupe huo. Ulilindwa tu mpaka moto ukaupitia. Zamani mistari ya namna hii ilikuwa ya kujaza nyuma ya picha, mahali ambapo jicho halikai. Imaemon wa 14 ameileta mbele. Kwenye baadhi ya vyombo vyake analinda weupe ndani ya weupe, chembe za theluji juu ya theluji, na huzioni mpaka uegemeze chombo kwenye mwanga.

Kama moyo wako unapenda kitu kinachojificha kidogo, usisome zaidi. Kata tiketi ya Hakata, ubadilishe treni, ushuke Arita. Soko linatandazwa kandokando ya barabara kwa karibu kilomita 4, na vyombo vyenye kasoro ndogo ndogo huuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi anaiweza.

Kutani, kwenye rangi mpaka ukingoni

Kijiji cha Kutani kilianza kuchoma kauri mwaka 1655, chini ya watawala wa Daishoji. Baada ya kiasi cha nusu karne majoko yakazimwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 yakawashwa upya katika eneo hilo, na kazi iliyokusudia kuufufua mtindo wa kale ikawa ya joko la Yoshidaya, lililoanza mwaka 1824.

Rangi za Kutani ni tano: kijani, manjano, zambarau, buluu iliyokoza na nyekundu. Nne za mwanzo ni kioo kilichotiwa rangi. Hupakwa nene, hupitisha mwanga, na ukipitisha kidole unahisi zimeinuka. Nyekundu peke yake haipitishi mwanga, kwa hiyo ndiyo hutumika kwa mistari myembamba kama unywele, na wapo mafundi wanaojaza bakuli zima kwa mistari hiyo hadi ndani ya mdomo wake. Katika mtindo uitwao aote, nyekundu haitumiki kabisa na chombo kinafunikwa chote, nyuma na mbele, kijani kikitawala. Mara ya kwanza nilipoiona sahani kubwa ya aote kwenye kabati la makumbusho nilifikiri ni kitu kilicholowa maji.

Hapo ndipo anapoingia Tokuda Yasokichi wa 3 (1933–2009), ambaye kwangu ni mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne iliyopita ingawa hakuchora picha. Alirithi kwa babu yake, Yasokichi wa kwanza, ujuzi wa kuchanganya rangi za Kutani. Badala ya kuchora ndege na maua kwa rangi hizo, aliondoa mstari wote na kuziacha rangi zenyewe ziyeyuke na kuingiliana kwa moto mkali kuliko ule wa desturi. Kinachobaki ni buluu inayogeuka kijani, kijani kinachokwenda kwenye manjano, bila mahali unapoweza kuweka ncha ya kalamu ukasema hapa moja imekoma. Alitambuliwa kuwa Hazina Hai mwaka 1997. Jina la Yasokichi wa 4 lilichukuliwa na binti yake mwaka 2010, jambo ambalo si la kawaida katika koo za ufundi ambako majina hupita kwa wanaume.

Yoshita Minori, aliyezaliwa 1932, alipita njia nyingine. Anakata dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, anaibandika kwenye kauri iliyokwisha kuchomwa, kisha anaifunika kwa utando wa kioo na kuichoma tena. Dhahabu iliyopakwa juu ya chombo hung'aa kwa kelele. Hii iliyolala chini ya kioo hung'aa kwa upole, kama taa nyuma ya pazia. Yeye alitangazwa kuwa Hazina Hai mwaka 2001.

Sitaficha ninachokiona kuwa udhaifu wa upande huu. Kutani ya fundi wa kati inachosha haraka. Arita ya fundi wa kati ikikosea, weupe unaifichia aibu. Kutani haina pa kujificha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vyombo vya Kutani vilivyojaa picha na dhahabu viliuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, na mwangwi wa kazi hizo za haraka bado unatembea madukani. Ukienda Nomi, tembea soko zima mara moja bila kutoa pesa mfukoni. Kabla ya hapo, pita Komatsu kwenye CERABO Kutani, jengo lililosanifiwa na Kengo Kuma na kufunguliwa mwaka 2019, ambamo jiwe la Hanasaka bado linasagwa kuwa udongo na unaweza kuona kazi hiyo kwa macho yako.

Jambo la kukuchanganya makusudi

Mtu akikuonyesha sahani ya karne ya 17 akasema ni "Kutani ya Kale", sikiliza kwa heshima, usilipe. Wachimbuzi wamefukua kwenye majoko ya Arita vigae vya mtindo huo huo uliodhaniwa kuwa wa Kutani pekee, na wataalamu wengi leo wanaona kuwa sehemu kubwa ya vyombo hivyo ilitengenezwa Arita. Mjadala haujaisha. Maana yake kwetu wanunuzi ni kwamba mpaka niliouchora hapa kati ya weupe na rangi ni mpaka wa tabia ulioimarika na wakati, na hapo mwanzo ulikuwa na milango.

Kama ni cha kulia chakula tu

Basi usihangaike na Arita wala Kutani. Vuka tu mpaka wa mkoa kutoka Arita uingie Hasami, mkoani Nagasaki. Hapo kazi imegawanywa kwa karne nyingi: huyu anatengeneza kalibu, huyu anajaza, huyu anachoma, huyu anauza. Vibakuli vyake vya zamani viliitwa kurawanka, kwa sababu wachuuzi wa mitumbwi kwenye mto Yodo, karibu na huko huko Osaka anakosoma mdogo wangu, waliwapigia kelele abiria wa majahazi: hamli? Kwa miaka mingi bidhaa za Hasami ziliuzwa chini ya jina la Arita, na ni katika karne hii tu jina lake limesimama lenyewe. Kichupa cha sosi ya soya alichobuni Mori Masahiro mwaka 1958 kwa kampuni ya Hakusan ya Hasami kingali kinauzwa, na hakidondoshi tone mezani. Kwa bei ya kikombe kimoja cha msanii unajaza kabati.

Wale ambao hawako Arita wala Kutani

Wapo wasanii wa kauri ambao huwezi kuwaweka chini ya jina la mji. Fukami Sueharu wa Kyoto, aliyezaliwa 1947, anasukuma uji wa udongo kwa shinikizo ndani ya kalibu za plasta na kupata maumbo marefu yenye makali kama upanga, yaliyovikwa utando wa samawati nyepesi uliotoka katika kauri za kale za China. Alishinda tuzo kuu ya Faenza, Italia, mwaka 1985. Nagae Shigekazu wa Seto anaunda mikanda myembamba ya kauri na kuuacha moto uiinamishe, kwa hiyo umbo la mwisho linaamuliwa na joko. Kuwata Takuro, aliyezaliwa 1981, amechukua kasoro mbili zilizopendwa na watu wa sherehe ya chai ya Kijapani, utando unaokunjamana na mawe yanayopasuka kutoka ndani ya udongo, akazikuza mpaka chombo kikaonekana kama kimelipuka, kikavikwa waridi, dhahabu na platinamu. Hosono Hitomi alisomea ufundi wa Kutani mjini Kanazawa, kisha akahamia London, ambako anajenga vyombo vyeupe kwa mamia ya majani madogo yaliyochongwa moja moja.

Nawapenda, Fukami hasa. Lakini kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza nasema asubiri. Kazi hizi hununuliwa kwenye matunzio ya sanaa, kwa fedha za namna nyingine, na jicho lililokwisha kuzoea sahani ya Imaemon litaona mengi zaidi kwa Fukami kuliko jicho lililoanza na Fukami.

Kabla ya kulipa

Uliza hili kabla ya bei: ni kazi ya joko au ya bwana mwenyewe, mkuu wa ukoo? Koo kama Kakiemon na Imaemon huuza vyombo vya aina mbili. Vya joko hutengenezwa na mafundi wengi kwa pamoja, kila mmoja na kazi yake, kwa viwango vya ukoo. Vya bwana ni vichache, vina saini yake, na bei inaruka mara nyingi. Kikombe cha joko si bandia wala si cha daraja la aibu. Ndicho ambacho mtu wa kawaida anaweza kukimiliki na kukitumia. Ubaya ni kulipia cha joko ukidhani ni cha bwana.

Kazi ya bwana hufuatana na sanduku la mbao lililoandikwa na kutiwa saini kwa mkono wake. Sanduku hilo ni cheti. Usilitupe kwa sababu halienei kwenye begi.

Chombo kilichochorwa kwa buluu ya chini ya utando hakidhuriki kwa matumizi ya kila siku. Kilichochorwa juu, kama Kutani nyingi, kioshe kwa mkono na sifongo laini. Chenye dhahabu au platinamu kisiingie kamwe kwenye maikrowevu. Na cha kale chenye rangi za juu usilie chakula, zaidi sana chenye ndimu au siki, kwa sababu rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi.

Kuhusu kula au kutazama, wazee wa Pwani walikwisha kuamua kwa namna yao. Lamu walijenga zidaka ukutani na kupanga humo kauri zilizokuja na majahazi, nyingi za China, na Kunduchi na Mambrui walizipachika hata kwenye makaburi. Vyombo vya kulia vikawa juu ya hadhi ya kulia. Sioni ubaya kufanya hivyo na kikombe cha Imaemon, ilimradi siku ya Idi kishuke kinywewe kahawa.

Niliyaandika haya yote nikijua wapi nampeleka. Nilitaka aende Arita. Akayasoma, akakaa kimya siku mbili, kisha akapiga simu. Alisema anachokikumbuka cha nyumbani ni khanga za mama kwenye kamba uani, zimejaa rangi kutoka pindo hadi pindo, na kwamba weupe kwake ni kitu cha sanda na hospitali. Hataki kuamka kila asubuhi akiutazama.

Amekata tiketi ya Komatsu. Anatafuta kikombe cha chai cha aote, cha kijani na manjano, na ameniuliza kama sanduku lake litaingia kwenye begi la mkononi.